Vepu Ina Skrubu, Taa Ina Gundi

Siku moja vililetwa vitu viwili mezani pangu, pale ninapotengeneza simu na taa hapa Kakuma. Vyote viwili vilikuwa na betri za umbo moja tumboni. Kimoja kilifunguka kwa vidole. Kingine nililazimika kukikata kwa kisu. Kilichofunguka kwa vidole kilikuwa chombo cha starehe. Kilichokatwa kwa kisu kilikuwa taa ya mtoto wa shule. Hilo ndilo limenishikisha kalamu, na leo sitaandika kwa upole.

Nianze na cha starehe. Kijana mmoja alikuja na vepu, ile sigara ya umeme, aliyotumiwa na binamu yake aliyehamishiwa Marekani. Wengi hapa hamjaona ya namna hii, kwa hiyo nieleze. Vepu za kawaida zina saketi ndani, ubongo mdogo unaokata umeme mambo yakienda vibaya. Hii haina ubongo. Ni bomba la shaba nyekundu, betri moja ndani, kitufe chini, koili juu. Ukibonyeza, umeme unatoka kwenye betri unaingia kwenye koili moja kwa moja, koili inapata moto, maji ya nikotini yanageuka mvuke. Wenyewe wanaiita vepu ya kimakanika. Kwa kweli ni tochi ya zamani tu, ila mahali pa balbu umeweka koili.

Kijana alilalamika kwamba mvuke umepungua na kitufe kinamchoma kidole. Nikatoa betri kwanza. Hiyo ni sheria ya kwanza ya kifaa chochote, andikeni ukutani: hausafishi kitu ambacho betri bado imo ndani. Nikafungua bomba, vipande sita mezani. Mizunguko ya skrubu ilikuwa imejaa uchafu mweusi, mchanganyiko wa mafuta ya zamani na vumbi letu hili tunalolijua. Shaba pale inapogusa betri ilikuwa imefanya kutu. Umeme ukikuta uchafu njiani unapita kwa shida, na pale unaposhindwa kupita vizuri unageuka joto. Ndiyo maana kidole kilikuwa kinaungua na mvuke haupo.

Basi nikaosha bomba kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, nikasugua kutu kwa limau na chumvi, nikasuuza, nikafuta, nikaanika mpaka pakawa pakavu kabisa. Sehemu za kugusa umeme nikazimalizia kwa pamba yenye spiriti. Sikutumia nyuzi za chuma za kuoshea sufuria, kwa sababu uzi mmoja ukibaki ndani ya bomba unaunganisha chanya na hasi na unakuletea moto. Nikatazama tundu za kutolea hewa kama zimeziba. Nikabonyeza kitufe mara kadhaa kuona kama kinarudi juu chenyewe, maana kitufe kinachonata ni kitufe kinachowaka mfukoni bila wewe kujua. Mwisho nikakagua ganda la plastiki la betri. Lilikuwa limechanika kidogo juu. Nikamwambia, hii hairudi ndani mpaka ivishwe ganda jipya. Alinuna, lakini alikubali.

Msinielewe vibaya. Mimi sivuti, na sina mpango wa kuwauzia vijana wetu nikotini. Tena kifaa chenyewe ni cha hatari. Marekani, mtu mmoja alikufa Florida mwaka 2018 na mwingine Texas mwaka 2019, vepu zilipowalipukia. Hesabu yake si ngumu. Betri iliyojaa ina volti 4.2. Ukiifungia koili ya omu 0.1, inadaiwa ampea 42. Betri nyingi za saizi hiyo, hata zile nzuri, hazikuundwa kutoa zaidi ya ampea 20 au 30 mfululizo. Bila ubongo wa kukata umeme, kinachobaki kukulinda ni usafi wako na akili yako.

Lakini hebu angalieni jambo lililonikera. Kitu hiki cha starehe na madhara kimetengenezwa kifunguke! Aliyekitengeneza alijua kitachafuka, kitachoka, kitahitaji betri nyingine. Alimheshimu mnunuzi wake. Alimwachia mlango.

Sasa njooni kwenye taa.

Jioni ile ile alikuja mama mmoja kutoka Kakuma 3. Akaweka taa ya sola mezani, zile za mgao, akasema: "Papa fundi, taa imekufa. Watoto wako na mtihani." Nikaigeuza juu na chini. Hakuna skrubu hata moja. Vipande viwili vya plastiki vimegandishwa pamoja kama yai. Nikamwambia, mama, nikiifungua nitaivunja. Akasema, sasa si imekufa tayari?

Nikaikata kwa kisu pembeni, polepole, nikijua kwamba upande wa pili wa plastiki kuna betri ya lithiamu, na kisu kikiigusa vibaya nitakuwa nimejiwashia moto mkononi. Nilipofika ndani nikapima betri kwa mita. Haikuwa na kosa. Ilikuwa na njaa tu. Tundu la kuchajia lilikuwa limejaa vumbi na kutu ya kijani, umeme wa paneli unafika mlangoni na kurudi. Pamba, spiriti, kijiti kikavu, na rabba ya penseli kusugua vibati vya kugusia. Haikuchukua robo saa. Tukaipeleka juani kidogo, ikawaka.

Lakini nyumba yake nilikuwa nimeshaivunja. Niliifunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli, na kila upepo wa Kakuma unapovuma, vumbi linaingia pale nilipokata. Nimemtibu mgonjwa kwa kumvunja mbavu. Na taa ile itarudi tena kwangu, au itaishia kwenye shimo la taka.

Nyinyi ndugu zetu mnaovaa vizibao vya mashirika, swali langu ni hili. Kwa nini mtu wa starehe anapewa skrubu na mtoto wa mkimbizi anapewa gundi?

Nimeshawauliza baadhi yenu ana kwa ana, na majibu nayajua. La kwanza: taa imefungwa ili maji na vumbi visiingie. Jamani! Tochi za wapiga mbizi zinashuka baharini na zinafunguliwa kwa mkono kila siku kubadilisha betri. Kinachozuia maji ni pete ya mpira, si gundi. Pete ya mpira na skrubu nne haviwezi kuwa ndivyo vitakavyofilisi bajeti ya mradi.

La pili: ni kwa usalama wenu, betri za lithiamu ni hatari, watu wasizifungue. Hili linasemwa kwa nia njema, lakini limepinda. Watu wanazifungua tayari. Wanafungua kwa visu, kwa mawe, kwa meno. Mtu ambaye taa yake imezima usiku, na mtoto anataka kwenda chooni mita mia kutoka nyumbani, hatasoma maandishi yanayomkataza. Gundi haizuii mtu kufungua. Inamlazimisha kufungua kwa njia ya hatari zaidi. Kama kweli ni usalama mnaoutafuta, tupeni mlango, kisha mtufundishe kuingia.

La tatu ndilo linaloniuma zaidi: taa hizi zina dhamana, ikifunguliwa dhamana imekufa. Dhamana ya nani? Ya mwaka mmoja au miwili, iliyoko kwenye karatasi ya ofisi, inayodaiwa katika mji ambao mimi siruhusiwi kwenda bila hati ya kusafiria? Kambi hii imekuwapo tangu mwaka 1992. Kuna watu walizaliwa hapa, wakasoma hapa, wakaoa hapa. Taa inapangwa kwa miaka miwili na maisha yetu yanapita ishirini. Aliyepanga hesabu hiyo alidhani tunapita njia.

Na tusidanganyane, kuna jibu la nne ambalo halisemwi. Ripoti inahesabu taa zilizogawiwa. Mgao una picha, una mstari wa watu, una kidole kwenye karatasi ya kupokelea. Taa iliyosafishwa haina picha. Fundi aliyebadilisha tundu la chaji hatokei kwenye ripoti. Basi nawaombeni muongeze swali moja tu kwenye fomu zenu: baada ya miezi 24, taa ngapi bado zinawaka? Ulizeni hilo, na nyinyi wenyewe mtaanza kudai skrubu kutoka kwa wauzaji.

Tena msiniambie haiwezekani. Umoja wa Ulaya umepitisha sheria ya betri mwaka 2023, na kuanzia Februari 2027 vifaa vingi vinavyouzwa huko vyenye betri ndogo vitatakiwa viruhusu mtumiaji kuitoa na kuibadilisha mwenyewe. Mtu wa Brussels ameonekana ana akili ya kutoa betri. Sisi tuliovuka mipaka tukibeba watoto na magodoro, tunaoishi kwa kutengeneza kila kitu, ndio tunaoonekana hatuwezi kushika bisibisi?

Nimemaliza na mashirika kwa sasa. Kalamu inageuka kwetu, na hapa wengine mtanichukia.

Ndugu zangu, sisi nasi tumezoea. Taa ikififia tunasema imekufa, tunangoja mgao. Kijana mwenye vepu alikuja kwangu kwa sababu ile vepu ni mali yake, aliipenda, aliona haya ikichafuka. Taa tunaiona ni ya shirika. Ikivunjika, shirika litaleta nyingine. Hapana. Ikishaingia nyumbani kwako ni yako, na giza lake ni lako. Hakuna mfanyakazi wa shirika atakayekaa gizani na mtoto wako akisoma.

Na kuna mabaya zaidi ya uzembe. Nimeona vijana wenzangu mafundi wanachaji betri za lithiamu kwa kuzigusisha waya moja kwa moja kwenye paneli kubwa au betri ya gari, bila chochote cha kuzuia. Nimeona betri iliyovimba inarudishwa kwenye taa na kuuzwa. Nimeona watoto wanapasua betri kwa mawe, kwa sababu zamani mawe ya redio yalikuwa na kijiti cheusi cha kuchorea. Hizi si mawe ya redio! Ndani ya hii kuna mafuta yanayowaka, na ikipasuliwa haingoji kiberiti. Nyumba zetu ni udongo, miti, mabati na maturubai, zimebanana. Moto wa nyumba moja hauulizi jirani ni kabila gani.

Kwa hiyo sikilizeni adabu ya betri, kama wanavyoijua hata wavuta mvuke.

Taa yako ifute kila wiki kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Paneli ifute asubuhi ikiwa bado baridi, kwanza ukipuliza mchanga, usije ukaikwangua. Paneli yenye vumbi ni kama sahani iliyofunikwa: chakula kipo lakini hakiliwi. Tundu la chaji lizibe kwa kile kimpira chake, na kama kimepotea, weka kipande cha kitambaa safi. Usichokonoe kwa sindano au waya. Tumia kijiti kikavu au pamba.

Joto ni adui. Hapa kwetu mchana unapita nyuzi 35 kirahisi, na bati linapata moto zaidi ya hapo. Betri ya lithiamu haitakiwi kuchajiwa ikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 45 hivi, inazeeka haraka. Kama paneli yako ina waya, weka paneli juu na taa yenyewe kivulini. Kama paneli na taa ni kitu kimoja, usiilaze juu ya bati. Iinue kwa vijiti viwili hewa ipite chini, na saa zile jua linapochoma kabisa iondoe.

Taa ikifungwa kwa muda, usiiache imeisha kabisa. Betri ikishuka sana na kukaa hivyo inaharibika, na kuilazimisha kurudi ni hatari. Betri iliyovimba, iliyobonyea, inayonuka tamutamu au inayopata moto bila kazi, haina matengenezo. Itoe nje ya nyumba, mbali na vitu vya kuungua, kwenye chombo chenye mchanga, na uwaambie watu wa taka. Usiitupe chooni. Usiitupe kwenye moto.

Na mafundi wenzangu, someni maandishi. Betri ya 18650 inaitwa hivyo kwa sababu unene wake ni milimita 18 na urefu 65. Lakini umbo moja si damu moja. Zipo zilizoandikwa volti 3.6 au 3.7, hizo hujaa kwa 4.2. Zipo zilizoandikwa 3.2, za chuma na fosfeti, ambazo taa nyingi za sola zinazitumia, hizo hujaa kwa 3.6 hivi. Ukiweka ya 3.2 kwenye taa inayochaji mpaka 4.2 unaijaza kupita kiasi. Ukifanya kinyume, haijai kamwe na mteja atasema wewe ni mwizi. Na yule anayewauzia betri nyepesi kama karatasi yenye maandishi ya 9900, mfukuzeni. Nzuri hubeba kati ya 2000 na 3500 hivi, na uzito wake unakaribia gramu 45. Kama una mizani ya kupimia viungo, una kipimo cha uongo.

Neno moja kwa Wakongo wenzangu. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka nchini kwetu, kule Kolwezi na kando yake. Si kila betri ina kobalti, zile za 3.2 hazina. Lakini betri nyingi za simu zenu zinayo. Kuna mtu wa kwetu aliingia shimoni kwa ajili ya kitu ulichonacho mfukoni. Jiwe limetoka Kongo, limezunguka dunia, limerudi mikononi mwetu ndani ya plastiki, na sisi tunalitupa kwenye shimo la taka la Turkana, kwenye ardhi ya watu waliotupokea. Wenyeji wanalisha mbuzi hapo. Hii si heshima, wala kwa waliochimba wala kwa waliotupokea.

Sasa niseme ninachokitaka waziwazi, mtu asije akasema fundi alipiga kelele tu.

Kwa mashirika: taa zijazo ziwe na skrubu za kawaida zinazofunguliwa na bisibisi ya nyota, na betri inayochomoka bila kulehemu. Katika kila mgao, tengeni sehemu ya fedha kwa betri za akiba, matundu ya chaji na waya, zikae hapa kambini na si ghalani Nairobi. Wekeni meza ya matengenezo kwenye kila eneo, na mafundi waliopo muwalipe kama mnavyowalipa wengine. Mafundi tupo. Wakongo, Warundi, Wasomali, Wasudani Kusini, Wahabeshi, na Waturkana wenyeji wetu. Mtu ambaye amefungua taa zenu kwa kisu bila kuunguza nyumba hahitaji cheti kuthibitisha kwamba ana mikono.

Kwa majirani: kabla ya kusema imekufa, ifute. Kabla ya kuitupa, ilete. Kwa kuitazama tu silipishi, na sina shaka mafundi wengi hawalipishi.

Yule mama wa Kakuma 3 alirudi baada ya wiki mbili. Si kwa ubaya, taa inawaka. Alikuja kuuliza kama mpira wa baiskeli niliofungia unaweza kubadilishwa, kwa sababu umeanza kulegea na vumbi linaingia. Nikaubadilisha. Wakati nafunga nilikumbuka lile bomba la shaba, namna lilivyozunguka na kukaa mahali pake bila hata sauti. Skrubu nne, ndugu zangu. Kwenye taa ya mtoto, skrubu nne na pete ya mpira.